Uzi: Makala yangu ya reli nimeikata kurasa saba, mjomba anasema treni imekwama Muheza

KondaktaNgamiani (mwenye uzi)

Wakuu, shikamoo kwa wa shikamoo na wengine mambo vipi. Nina shida ya ufundi na shida ya kifamilia, na zote mbili zimetoka sehemu moja, naombeni msaada na msinicheke sana.

Nina kisaiti changu cha WordPress (ile programu ya kutengenezea saiti) naandika historia za hapa kwetu Tanga, hakiniingizii hata mia, ni mapenzi tu. Mwezi uliopita nikakaa kuandika makala ya reli ya Usambara, hii reli yetu ya kwenda Moshi. Nilianza nikijua ni maneno 1,500 hivi yanatosha lakini mambo ya reli mnayajua, ukitaja 1893 walipoanza kujenga hapa mjini huwezi usiseme walifika Muheza 1896, ukifika Muheza lazima useme hela iliisha, halafu Korogwe 1902, halafu Mombo 1905, halafu Moshi 1911, na ukishafika Moshi unaona aibu kuiacha Arusha ambako reli haikufika mpaka 1929 Mwingereza ameshashika nchi. Kuja kushtuka maneno 6,200 na picha 22.

Nikasema gogo hili nani atalibeba. Nikaenda kwenye WordPress nikaweka ile alama ya nextpage kila kituo, ikawa kurasa saba, safi kabisa kwenye laptop, nikajiona bingwa.

Sasa mjomba wangu, kaka yake mama, yuko Chumbageni, amestaafu kazi ya reli na nusu ya hizo habari kanipa yeye. Nikamrushia linki WhatsApp. Baada ya siku mbili nakwenda kumsalimia nakuta kanuna, chai sikupewa. "Wee, mbona treni yako imeishia Muheza? Mie nimekaa Mombo miaka kumi na moja hujaniandika hata neno."

Nikaomba simu yake niangalie. Chini kabisa, chini ya vitufe vya kushea, kuna 1 2 3 4 5 6 7 vidogo kama punje za ulezi, na kioo chake kina ufa umepita juu ya 2 na 3. Yeye alidhani ni uchafu wa kioo, alikuwa anaufuta na kanzu.

Swali: nirudishe ukurasa mmoja? Nibaki na kurasa ila nikuze vitufe? Au nifanye makala saba mbalimbali za SEHEMU YA 1, SEHEMU YA 2?

chombeza_tu

Hahahaa Tanga bwana, hata wasomaji waja leo waondoka leo.

Mzee_wa_Baiskeli

Mjomba wako msimcheke, kihistoria yuko sahihi kuliko wewe. Reli ile ILIKWAMA kweli Muheza. Kampuni ya Kijerumani iliyoanza kujenga iliishiwa pesa, serikali yao ikaja kuichukua 1899, na kutoka Muheza mpaka Korogwe ilichukua miaka sita. Kwa hiyo mjomba kasubiri siku mbili tu ashukuru Mungu.

fundi_wa_saiti

Mkuu Kondakta, kabla hujaambiwa kata au usikate, jibu kwanza: ulikata kwa sababu makala ni NDEFU au kwa sababu ni NZITO? Maana watu wengi wanachanganya hivi vitu viwili, na dawa zake hazifanani hata kidogo.

KondaktaNgamiani

Eeh hapo umenibana. Nadhani vyote. Nikiifungua kwenye simu yangu ilikuwa inasota mpaka unaweza kwenda kununua mhogo wa kuchoma ukarudi, nikasema ni kwa sababu maneno ni mengi.

fundi_wa_saiti

Haya tupige hesabu. Maneno 6,200 ya Kiswahili, weka herufi saba kwa neno pamoja na nafasi, ni kama kilobaiti 43. Arobaini na tatu. Na seva ikiyabana kabla ya kutuma yanapungua tena. Sasa picha moja uliyopiga na simu bila kuipunguza ina ngapi? MB 3.5? Hiyo picha MOJA ni makala yako nzima zaidi ya mara 70. Unazo 22. Ni MB 77 hizo kaka, ndio bando la mtu la siku limeisha hajafika Pongwe.

Maneno hayajawahi kumuelemea mtu, ukiyakata vipande saba umekata kamba ukaacha mzigo. Hebu niambie picha uliziwekaje?

KondaktaNgamiani

Nilizipandisha kwenye seva moja kwa moja, kwenye folda yangu, halafu nikabandika linki ya kila picha ndani ya makala. Kuna jamaa alinifundisha zamani kwamba ndio haraka.

fundi_wa_saiti

Ndio hapo sasa. Ungezipandisha kupitia kwenye maktaba ya picha ya WordPress yenyewe, ingekutengenezea nakala ndogondogo, na toka toleo la 4.4 mwaka 2015 inaiambia simu ichague nakala inayotosha kioo chake. Toka toleo la 5.5 la 2020 picha za chini zinasubiri, hazishuki mpaka msomaji akaribie. Wewe ulivyobandika linki umeyaruka yote hayo. Yaani ukurasa wa kwanza wa Tanga peke yake una picha ngapi?

KondaktaNgamiani

Sita 🙈

fundi_wa_saiti

MB 21. Mjomba wako ni shujaa kwanza kwa kufika hiyo Muheza.

Punguza upana uwe pikseli 1200, hifadhi JPEG ubora 75 au tumia WebP (aina nyingine ya faili la picha), kila moja itaangukia KB 100 mpaka 200. Kwa jicho la mtu anayesoma kwenye simu hakuna tofauti, labda kama anataka kuhesabu mataruma.

Pesa_Mbili

Mimi nitakuwa tofauti na nyie. Kurasa saba ni mibofyo saba, na kila ukurasa una matangazo yake. Mtu akisoma yote nalipwa mara saba badala ya mara moja. Hii seva nani anailipia? Tusijifanye malaika hapa, muandishi naye anakula.

BintiKaole

Samahani kaka yangu Pesa Mbili lakini nyie ndio mliotuharibia kusoma kwenye simu. Unafungua "sababu kumi za jambo fulani", sababu ya kwanza mistari minne, bofya inayofuata, tangazo linafunika kioo kizima, kile kialama cha kufunga kidogo kuliko kucha, unakigusa unapelekwa kwenye duka la viatu, unarudi unaanzia sababu ya kwanza. Mimi nikiona "1 ya 10" nafunga palepale, na siku hizi sisi tuko wengi.

Pesa_Mbili

Hiyo sababu ya mistari minne siitetei dada, huo ni wizi. Nasema makala iliyoshiba, maneno 6,200, ukiigawa tatu kuna ubaya gani? Redioni wanakwenda kwenye matangazo, kwenye TV wanakwenda kwenye matangazo, mbona huko hamnuni.

Mzee_wa_Baiskeli

Nunua nisikilize vijana. Zamani tukisoma hadithi kwenye magazeti tulikuwa tunakatwa pia, patamu kabisa, msichana kashika kitasa cha mlango, ITAENDELEA TOLEO LIJALO. Wiki nzima unamuwaza kashika kitasa. Lakini kulikuwa na sababu, karatasi imeisha, mhariri hana pengine pa kuweka. Na tulijua Jumapili tutanunua jingine. Kwenye simu karatasi haiishi, kwa hiyo ukinikata najua umenikata kwa kusudi, na mimi mtu akinikata kwa kusudi namuuliza kwa nini.

Na hawa wa simulizi za Facebook ndio wamezidi, SEHEMU YA 14, laiki zikifika mia tano naachia ya 15. Mke wangu anasoma hizo, juzi kanipa simu yake nilaiki nisaidie kufikisha idadi 😂

chombeza_tu

Mzee umeandika "nunua nisikilize" au ni simu?

Mzee_wa_Baiskeli

Ni simu. Nilitaka kusema ngoja mnisikilize. Usinitoe kwenye reli.

Mwalimu_Muheza

Naomba niongezee jambo ambalo sijaona mtu amelitaja, kuchapa. Mimi ndiye mwalimu niliyekuandikia ujumbe wiki iliyopita Kondakta, sijui kama umeniunganisha. Nilitaka kuwachapia watoto wa kidato cha pili ile makala, maana wanapita juu ya hiyo reli kila siku kuja shule na hawajui imetoka wapi. Nikabonyeza chapa, ikatoka Tanga peke yake. Nikaenda ukurasa wa pili nikachapa, wa tatu nikachapa. Kila ukurasa unakuja na jina la saiti juu, picha kubwa ya juu, menyu, na komenti zote za chini, maana komenti zinajirudia kila ukurasa. Wino wa shule umeishia Korogwe. Mkuu wa shule ameniuliza na sina jibu.

Kwa hiyo mimi naomba ukurasa mmoja, kwa heshima.

KondaktaNgamiani

Mwalimu samahani sana, hilo la komenti kujirudia nilikuwa sijaliona kabisa. Wino nitachangia, nikipita Muheza nitakutafuta.

abiria_wa_Kange

Mimi naongea kama msomaji tu sina saiti. Nasafiri sana Lushoto kwa biashara ya mboga. Huwa nafungua makala pale stendi Kange nikiwa na mtandao mzuri, naiacha wazi, nasoma njiani. Ikiwa ukurasa mmoja imeshashuka yote, hata tukianza kupanda pale Mombo kuelekea Soni kwenye zile kona na mtandao umekata mimi nasoma tu. Ikiwa kurasa kurasa nabofya 2 kinazunguka, kinazunguka, natazama mabonde.

Ila na mimi nina malalamiko yangu kwa hizi ndefu. Nasoma nimefika katikati, mteja kanipigia, nikirudi brauza imejifungua upya niko juu kabisa mwanzo. Kidole kinaanza kazi ya kuskroli kutafuta nilipoishia, nakipita, narudi, nakipita. Kwenye kurasa angalau najua nilikuwa ukurasa wa nne. Hapo mnasaidiaje?

fundi_wa_saiti

Abiria umegusa penyewe, hiyo ndiyo faida ya kweli ya kurasa, zinampa mtu pa kushika. Ila pa kushika panapatikana bila kukata. Kila kichwa kidogo unakipa kitambulisho chake, mfano kichwa cha Korogwe unakipa jina korogwe, halafu juu ya makala unaweka orodha ya vituo, kila kituo ni linki yenye alama ya reli (#) na hilo jina. Ukigusa Korogwe unatua Korogwe. Na ile linki ukiitunza inakurudisha palepale. Kwenye WordPress ukigusa kichwa, upande wa kulia chini ya mipangilio ya ziada kuna sehemu ya kuandika hilo jina, huhitaji hata plagini (programu ndogo ya nyongeza).

Na chini ya kila sehemu weka kalinki ka kurudi kwenye orodha. Mtu asije akaachwa kituoni usiku.

chombeza_tu

Alama ya # inaitwa alama ya reli na uzi ni wa reli. Mungu fundi.

fundi_wa_saiti

😂 sikupanga.

Sasa kwa wale watakaobaki na kurasa, maana si dhambi, mambo mawili matatu. Kwanza hakikisheni themu yenu (ule muundo wa sura ya saiti) inavitoa hivyo vitufe, kuna themu za zamani ambazo aliyezitengeneza alisahau kuweka wp_link_pages (amri inayotoa hivyo vitufe) kwenye faili la makala, hapo msomaji anaona ukurasa wa kwanza basi, hana namna hata ya kujua kuna wa pili. Pili, hiyo hiyo wp_link_pages inakubali uiambie itoe neno badala ya namba, weka next_or_number iwe next, na kwenye nextpagelink andika Endelea na safari au chochote. Mzee wa Chumbageni akiona ENDELEA NA SAFARI kubwa kama kibao cha duka ataigusa tu, ufa au hakuna ufa.

Pesa_Mbili

Na Google je? Niliambiwa ukigawa kurasa Google inaziunganisha kwa ile rel next na rel prev, zile alama za kuonyesha ukurasa unaofuata na uliotangulia.

fundi_wa_saiti

Hiyo ilikuwa. Machi 2019 Google wenyewe walitangaza hawaitumii tena kama ishara ya kuorodhesha, tena wakasema walishaiacha muda. Kila ukurasa unasimama kwa miguu yake. Kosa ambalo nalikuta kila siku ni mtu kuweka anwani rasmi (canonical, ile inayoiambia Google ukurasa halisi ni upi) ya kurasa zote saba ielekee ukurasa wa kwanza, akidhani anazikusanya. Hapo umeiambia Google hizi sita ni nakala tu za ule wa kwanza, zipuuze. Mtu anayetafuta reli ya Mombo hatakuona maisha, maana Mombo yako iko ukurasa wa 4 na umeizika mwenyewe. Kila ukurasa ujitaje wenyewe.

KondaktaNgamiani

Aisee. Nimeangalia. Zote zinaelekea wa kwanza. Kuna plagini niliweka mwaka jana.

BintiKaole

Pole. Mimi nataka kurudi kwenye swali lako la tatu, la makala mbalimbali, maana mimi ndivyo nilivyofanya na sijajuta.

Natembeza wageni huku Bagamoyo, na nilikuwa na makala moja ndefu ya mji mzima, imeanzia Kaole kwenye magofu ya msikiti, inakuja Caravan Serai, inakwenda Ngome Kongwe, Boma la Wajerumani, inaishia misheni ile ya 1868. Nikawa naona watu wanaingia, wanakaa sekunde chache wanatoka. Nikaja kugundua kwa nini, aliyetafuta makaburi ya Kaole hana haja ya mwili wa Livingstone kulazwa pale misheni 1874, na aliyekuja kwa ajili ya Livingstone hataki kuanza na kusomeshwa matumbawe ya karne ya 13. Ni watu wawili wenye njaa mbili nimewapikia sinia moja.

Nikazitenganisha, kila moja na jina lake, picha zake, mwanzo wake na mwisho wake. Kipimo changu kilikuwa rahisi, nilimpa mdogo wangu asome ya Kaole peke yake bila kuona nyingine. Akaelewa. Nikampa kipande cha Boma peke yake, akaniuliza "sasa hao Wajerumani walihama mji mkuu kutoka hapa kwenda wapi na lini?" Nikajua hapo nimekata mfupa, ile habari ya makao yao kuhamia Dar es Salaam 1891 nilikuwa nimeiacha kwenye kipande kingine. Nikairudisha.

Wewe yako mpe mtu asome Korogwe peke yake. Kama anaelewa bila Muheza, ni makala. Kama haelewi, ni kiungo, usikikate.

KondaktaNgamiani

Korogwe haieleweki bila Muheza hata kwa dawa. Maana Korogwe yote ni habari ya serikali kumalizia walichoshindwa kampuni. Ila kuna kipande cha tawi la Sigi, lile lililokuwa linatoka Tengeni kupanda kuelekea milima ya Amani kuteremsha magogo, hilo linasimama lenyewe, kwanza lilikuwa na njia nyembamba kuliko reli kubwa, mabehewa hayaingiliani. Nadhani lile naweza kulitoa.

Mzee_wa_Baiskeli

Litoe. Na nina jingine limenikereketa tangu jana, nimeisoma yako yote saba (miwani yangu mizima, na kompyuta ya kijana wangu). Umekata kwa vituo, sawa, lakini muda haukai kwenye vituo. Ukurasa wa kwanza, Tanga, umeanza na 1893, halafu ndani ya ukurasa huohuo tukajikuta 1914 kwenye vita, Waingereza wameshuka na meli, nyuki wanawauma, askari wa Wajerumani wamefika kwa treni kutoka Moshi. Treni kutoka Moshi! Na reli yako ndiyo kwanza inakaribia Muheza, yenyewe iko ukurasa wa pili. Msomaji mgeni atajiuliza hiyo treni imepita wapi, angani?

KondaktaNgamiani

Mzee hapo ndipo nilipolala macho siku tatu. Vita ni ya Tanga kwa mahali, lakini kwa muda ni baada ya Moshi. Nikiiweka mwisho, tumeshafika Moshi ghafla turudi Tanga, naona kama nimemvuta msomaji shati. Nikaona niweke Tanga yote pamoja yaishe.

Mwalimu_Muheza

Hata watoto walilikamata hilo, ninao ushahidi kwenye madaftari.

Mzee_wa_Baiskeli

Wewe kondakta wa wapi? Treni si huwa inarudi? Wakati wa kwenda tupe ujenzi, Tanga, Muheza, Korogwe, Mombo, Moshi. Ukifika Moshi geuza kichwa cha treni, rudi nao hao askari wa 1914 mpaka Tanga kwenye vita. Msomaji anavijua vituo vyote tayari, vinampita dirishani tu.

BintiKaole

Mzee!!! 👏👏

fundi_wa_saiti

Na hii ndiyo inamaliza mjadala wa kurasa, maana ukishaandika hivyo safari ya kwenda na kurudi ni kitu kimoja, ukikata katikati hukuti pa kukatia. Arusha ya 1929 iwe neno la mwisho tu, au ikae na lile tawi la Sigi.

Pesa_Mbili

Mimi bado nasema vipande viwili, kwenda na kurudi, matangazo kidogo pale Moshi watu wakinywa kahawa.

abiria_wa_Kange

Huyu jamaa ataweka tangazo mpaka kwenye handaki.

KondaktaNgamiani

Wakuu, wiki mbili zimepita, narudi na majibu.

Nimerudisha ukurasa mmoja. Tawi la Sigi nimelitoa likawa makala yake, na kwa raha zangu limesomwa kuliko nilivyotegemea, kumbe kuna watu wanalitafuta kwa jina. Picha zote 22 nimezipunguza na kuzipandisha upya kwa njia ya haki, jumla sasa ni MB 3 hivi na hazishuki zote kwa mpigo. Orodha ya vituo iko juu. Nimefanya kwenda na kurudi kama alivyoelekeza Mzee, nimeandika upya usiku nne, na maneno yamepungua mpaka 5,400 maana nusu ya yale marefu yalikuwa mimi najieleza kwa nini nimeruka miaka. Ile plagini nimeing'oa. Linki za zamani za kurasa 2 mpaka 7 zinarudisha watu kwenye makala nzima, fundi alinisaidia inbox, asante kaka.

Mwalimu, chapa sasa, ni karatasi kumi na mbili bila komenti.

Jana jioni nikaenda Chumbageni. Mjomba kakaa barazani na simu yake ileile ya ufa, nikamuonyesha orodha, akagusa Mombo kabla hata sijamaliza kusema. Akasoma kimya, mdomo unacheza. Akaskroli na kidole gumba taratibu, akifika kwenye picha anasimama, anaisogeza karibu na macho. Nikapewa chai. Nikajua tumemalizana.

Akapandisha juu, akarudi Korogwe, akasimama kwenye picha ya stesheni. Kimya kirefu.

"Hii si Korogwe."

Nikamwambia mjomba, imeandikwa Korogwe nyuma ya picha nilipoipata.

"Aliyeandika nyuma ya picha kafanya kazi Mombo miaka kumi na moja? Hilo dirisha hapo la pembeni mie nimelipaka rangi kwa mkono wangu. Hii Mombo."

chombeza_tu

Na kwenye kurasa saba asingeiona mpaka leo 😂😂

BintiKaole

Umeirekebisha?

KondaktaNgamiani

Nimeirekebisha palepale barazani, nimeihamishia Mombo. Sasa Korogwe haina picha. Kama kuna mwenye picha ya zamani ya stesheni ya Korogwe naombeni, ila ipunguzeni kwanza pikseli 1200 kabla ya kunitumia.

Mwalimu_Muheza

Kondakta, na ile ya Muheza nayo hebu mpelekee mjomba aitazame vizuri. Mimi naishi hapa, huo mwembe siujui.